Dakika Kumi na Kufuli Moja
Hotuba kwa wauguzi, wahudumu wa wazee majumbani, viongozi wa dini na wazazi wazungumzao Kiswahili nchini Marekani

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu shikamooni. Bwana asifiwe, asalaam aleikum, na kwa wengine wote habari za mchana. Itifaki imezingatiwa.

Nianze na hesabu, kwa sababu mazungumzo ya bunduki yakianza bila hesabu huishia kwenye siasa, na siasa mnaipata ya kutosha kwenye televisheni. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi nchini Marekani, sawa na watu 128 kila siku. Waliouawa na wenzao ni 17,927. Waliojiua ni 27,300. Ajali, yaani bastola iliyofyatuka mtu akiisafisha au mtoto akiichezea, ziliua 463. Waliosalia ni waliopigwa risasi na polisi, pamoja na wale ambao uchunguzi haukubaini walikufaje.

Kwa hiyo kati ya kila vifo 10 vya risasi, karibu 6 ni vya watu waliojitoa uhai. Muulize ndugu yako aliyefika juzi kutoka Goma au Eldoret anaogopa nini Marekani, atakwambia anaogopa kupigwa risasi sokoni au mtoto wake kuvamiwa darasani. Hofu hiyo ina msingi, wala simcheki mtu. Lakini mauaji ya watu wengi kwa mpigo, hata ukiyahesabu kwa kipimo kipana kabisa, hayafiki vifo 2 katika kila 100. Vifo vilivyo vingi hutokea chumbani, gereji, ndani ya gari lililoegeshwa, mtu akiwa peke yake. Havina kamera, na jirani huambiwa tu kwamba mzee amefariki ghafla.

Tarehe 25 Juni 2024 Mganga Mkuu wa Marekani wa wakati huo, Dk. Vivek Murthy, alitoa waraka rasmi akiutangaza ukatili wa bunduki kuwa janga la afya ya umma. Haikuwahi kutokea ofisi hiyo kutoa waraka wa namna hiyo kuhusu bunduki. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19, ikiwa imezipita ajali za magari. Mwaka uliofuata, chini ya serikali mpya, waraka ule uliondolewa kwenye tovuti ya wizara ya afya. Hesabu zilizomo ziko palepale.

Wengine wanauliza: hili ni jambo la polisi, afya imeingiaje? Jibu liko barabarani. Mwaka 1966 nchi hii ilipitisha sheria ya usalama wa magari. Wakati huo, kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa, walikufa watu zaidi ya 5. Siku hizi ni mmoja na ushei. Hakuna aliyepiga marufuku magari. Waliweka mikanda, wakabadilisha vioo na usukani, wakarekebisha kona mbaya, wakabana walevi, na kila hatua walipima imeokoa wangapi. Kwenye bunduki kupima huko kulikwama. Mwaka 1996 Bunge liliweka kifungu kwenye bajeti ya kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikizuia fedha zake kutumika kupigia debe udhibiti wa bunduki, na likakata dola milioni 2.6, kiasi kilekile kilichokuwa kikienda kwenye utafiti huo. Watafiti wakaelewa ujumbe, wakahamia mambo mengine. Fedha za maana hazikurudi hadi Desemba 2019, Bunge lilipotenga dola milioni 25. Na mjue jambo jingine linalowashangaza wengi: chombo cha serikali kinachokagua usalama wa bidhaa za nyumbani kina mamlaka juu ya vitanda vya watoto, midoli na mashine za kukaushia nywele, lakini bunduki ziliwekwa nje ya mamlaka yake tangu sheria yake ilipotungwa mwaka 1972.

Basi, tuyaache ya Washington. Nimekuja kuzungumza na ninyi kwa sababu mna kitu ambacho wabunge hawana: mnaingia ndani ya nyumba za watu. Wengi wenu hapa mnahudumia wazee. Mnawaogesha, mnawapa dawa, mnajua droo ipi ina nini. Na wanaume wa miaka 75 na kuendelea ndio wenye kiwango kikubwa cha kujiua kuliko rika jingine lolote nchini humu, tena silaha yao kwa sehemu kubwa ni bunduki.

Kuna imani, kwetu na kwa Wamarekani pia, kwamba mtu akishaamua kufa atakufa tu, ukimfungia hiki atatafuta kile. Imani hii ndiyo inayoua. Watafiti wa Austria waliwahoji watu waliookolewa baada ya kujaribu kujiua. Karibu nusu walisema kuanzia wazo lile lilipowajia hadi kujaribu hazikupita dakika 10. Dakika 10! Kwa wengi ni saa mbaya inayokuja na kupita. Swali la uhai ni mkono unafika wapi ndani ya hizo dakika. Anayetumia bunduki, takriban mara 9 kati ya 10 hufa. Hapewi nafasi ya kubadili mawazo. Njia nyingine nyingi zinampa nafasi hiyo, na wanaonusurika, takriban 9 katika kila 10 hawafi kwa kujiua baadaye. Wanaishi, wanazeeka, wanakufa kwa presha kama watu wengine.

Ushahidi mzuri zaidi ulitoka jeshini. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliamua askari vijana wanaokwenda nyumbani mwisho wa wiki waache bunduki zao kambini. Vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 40. Tena upungufu huo ulitokea siku za mwisho wa wiki. Siku za kazi hali haikubadilika. Hakuna askari aliyetibiwa sonona kwa amri ile. Bunduki haikuwapo tu saa mbaya ilipofika.

Na California walifuatilia watu wazima wapatao milioni 26 kwa miaka 12 hivi. Wanaume waliomiliki bastola walikufa kwa kujipiga risasi mara 8 zaidi ya wanaume wasiomiliki. Kwa wanawake ilikuwa mara 35. Wapo waliojiua siku chache baada ya kununua, lakini zaidi ya nusu ya vifo vilitokea baada ya mwaka kupita, kwa bastola iliyonunuliwa zamani kwa ajili ya wezi ambao hawakuja.

Sasa mnafanya nini? Nitasema na wahudumu wa wazee kwanza.

Dalili mnazijua kuliko mimi. Mzee kafiwa na mke. Kanyang'anywa leseni ya kuendesha gari. Kapewa majibu mabaya ya saratani, au maumivu hayamwachi usiku. Anaanza kugawa vitu: saa kwa mjukuu, vifaa vya uvuvi kwa jirani. Anakataa dawa. Anasema "mmechoka na mimi". Ukiona hayo, muulize kwa lugha nyepesi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hushukuru kwamba kuna mtu aliyethubutu.

Bunduki usiiguse. Usiihamishe, usiifiche chini ya mashuka, usijaribu kutoa risasi hata kama kaka yako ni askari. Mwajiri wako anaweza kukufukuza, polisi wanaweza kukukuta nayo mkononi, na mzee atakuona mwizi. Kazi yako ni kuandika na kusema. Andika kwenye taarifa ya zamu: umeona nini, wapi, saa ngapi. Mpigie muuguzi msimamizi siku hiyohiyo, usingoje kikao cha mwezi. Familia ikija, usianze na "bunduki ni mbaya", utafungiwa mlango. Sema hivi: "Baba hayuko sawa wiki hizi. Mngeweza kumtunzia bunduki zake kwingine hadi apate nafuu?" Kutunza, si kunyang'anya, na ni kwa muda. Hata wauza bunduki wanayakubali maneno haya. Kule New Hampshire, mwaka 2009, watu watatu katika muda usiofika wiki walinunua bunduki kwenye duka moja na kila mmoja akajiua nayo muda mfupi baadaye. Mwenye duka na watu wa afya walikaa pamoja, wakatengeneza mabango na maelekezo kwa wauzaji: jinsi ya kumtambua mteja mwenye shida, na ruhusa ya kukataa kumuuzia. Kwenye orodha ya kanuni 10 za usalama wanazofundishwa wawindaji wakaongeza ya 11: mtu wa nyumbani akiwa kwenye hali mbaya, peleka bunduki nje ya nyumba.

Nje ya nyumba ni wapi? Kwa ndugu asiyeishi hapo, kwenye baadhi ya maduka ya bunduki, au kituo cha polisi kinachopokea. Sheria za kuhamisha silaha zinatofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo familia ipige simu kwanza. Asijitokeze mtu kwenye kaunta ya polisi ameshika bunduki, hata kwa nia njema. Mzee akikataa kabisa na hatari ni ya wazi, zaidi ya majimbo 20 na jiji la Washington yana sheria inayomruhusu hakimu kuamuru silaha ziondolewe kwa muda. Connecticut ilitangulia mwaka 1999. Watafiti walioichunguza huko na Indiana walikadiria kwamba kila amri 10 hadi 20 huokoa maisha ya mtu mmoja.

Hatari ikiwa ya dakika hiyo, namba ni 988, simu ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua. Ukipokewa sema "Swahili interpreter" na usikate simu. Mwanajeshi wa zamani abonyeze 1. Kama bunduki iko mkononi, toka chumbani na upige 911, namba ya dharura, na jambo la kwanza kuwaambia ni kwamba kuna bunduki, iko mkononi mwa nani, na wewe umesimama wapi.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ni habari tofauti. Kwake kufuli haitoshi, bunduki iondoke moja kwa moja. Atasahau jina la mwanawe na akakumbuka namba za sefu alizozitumia miaka 30. Na jioni, kichwa kikichanganyikiwa, anaweza kukuona wewe uliyeingia kwa ufunguo aliokupa mwenyewe kuwa ni jambazi.

Wazazi sasa, maana najua humu ndani wapo wenye bunduki nyumbani na sikuja kuwahukumu. Wengine mlipitia Kivu, mnajua usiku wa kugongewa mlango ulivyo. Bunduki iwekwe haina risasi, imefungwa kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Mambo hayo matatu yanakwenda pamoja, na kila moja limeonekana kwenye utafiti kupunguza hatari kwa watoto na vijana.

Nina kufuli ya waya hapa mkononi. Ni waya wa chuma uliovikwa plastiki, na sheria ya mwaka 2005 inamlazimu muuzaji mwenye leseni kutoa kifaa cha kufungia na kila bastola anayouza. Kwa hiyo wengi mnayo. Bado imo kwenye boksi la dukani ndani ya nailoni yake. Angalieni utaratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Elekeza mdomo wa bastola mahali salama, kidole mbali na kifyatulio. Kwanza toa magazini, yaani kasha la risasi. Halafu ndipo uvute sehemu ya juu nyuma na uishikize hapo. Tazama kwa macho ndani ya chemba, yaani tundu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Ukigeuza mpangilio, ukavuta kwanza na kutoa magazini baadaye, risasi ya zamani itaruka nje, utaridhika, kumbe magazini imeshapandisha nyingine mahali pake. Na ukitoa magazini bila kuvuta, risasi iliyokuwa chemba imebaki palepale. Bastola nyingi "zisizo na risasi" zilizoua watoto zilikuwa na hiyo moja. Ikishakuwa tupu, pitisha waya kwenye tundu la juu linalotolea maganda, utokeze chini magazini inapokaa, ufunge. Sasa sehemu ya juu haiwezi kurudi mbele, wala bastola haiwezi kupokea risasi.

Kufuli inayobana kifyatulio ni nzuri pia, ila kamwe usiifunge kwenye bastola yenye risasi; kuigusagusa pale ndipo inapofyatuka. Kabati la kioo ni pambo, si kufuli. Waya unakatwa na mwizi mwenye koleo kubwa. Kazi yake ni kumzuia mtoto na kuichelewesha ile saa mbaya. Unayemwogopa mwizi, nunua kasha la chuma na ulipigilie ukutani kwa bolti. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na ufunguo usining'inie pamoja na wa gari.

Na msiniambie "mtoto wangu hajui ilipo". Huko Alabama vijijini watafiti waliwauliza wazazi, kisha wakawauliza watoto wao faraghani. Katika familia ambazo mzazi aliapa mtoto hajui bunduki ilipofichwa, zaidi ya theluthi moja ya watoto walipajua. Pale ambapo mzazi alisema mtoto hajawahi kuishika, mmoja kati ya watano hivi alikiri ameishika. Mtoto akienda kucheza kwa rafiki, uliza kabla hajaondoka, kama unavyouliza kuhusu mbwa: "Kuna bunduki isiyofungwa nyumbani kwenu?" Wamarekani wenyewe wanafundishana kuuliza swali hili; si utovu wa adabu.

Sheria nayo imeanza kumtazama mzazi. Michigan, mwaka 2024, baba na mama wa kijana wa miaka 15 aliyewaua wanafunzi wanne shuleni mwaka 2021 walihukumiwa kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15. Kwetu sisi wahamiaji kuna la zaidi. Mwenye viza ya muda, ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kabisa kushika bunduki wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kibali cha uwindaji. Na mwenye kadi ya kijani akipatikana na kosa la silaha mahakamani anaweza kurudishwa kwao. Kupiga picha na bastola ya rafiki kwenye uwanja wa shabaha kunaonekana mchezo hadi siku ya mahojiano ya uhamiaji. Ona mwanasheria kwanza.

Viongozi wa dini, ninyi ndio mnaosuluhisha ndoa. Mume anayempiga mkewe akiwa na uwezo wa kupata bunduki, hatari ya mke kuuawa hupanda takriban mara 5. Kabla ya kuwarudisha nyumbani kwa sala, uliza kama kuna bunduki, na umuulize mke akiwa peke yake.

Mauaji ya mitaani nitayapitia haraka, kwa kuwa yana watu wake wanaoyafanyia kazi vizuri. Daktari Gary Slutkin alipambana na kifua kikuu na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia, kisha akafanya kazi ya UKIMWI Uganda na nchi jirani. Aliporudi Chicago akaona ramani za mauaji zinafanana na ramani za maambukizi: kifo kimoja kinazaa kingine palepale, kwa kisasi. Mwaka 2000 akaanza kuajiri watu wa mtaa husika, wengine waliowahi kufungwa, wawahi kwa ndugu wa aliyepigwa risasi kabla kisasi hakijapangwa. Matokeo yametofautiana mji hadi mji. Pale fedha zinapokatwa katikati ya mwaka, na hukatwa sana, wale watu huondoka na imani ya mtaa huondoka nao.

La mwisho ni damu. Mtu aliyepigwa risasi kwenye mshipa mkubwa wa mguu anaweza kuisha damu ndani ya dakika 5, na ambulensi mara nyingi haifiki kwa dakika hizo. Philadelphia polisi humpakia majeruhi kwenye gari lao na kukimbia naye hospitali, tangu miaka ya 1980. Kwingine ni wewe uliyepo. Hakikisha kwanza wewe uko salama, mtu mmoja apige 911.

Mkononi au mguuni, tumia mkanda wa kubana damu wenye kijiti cha kuzungushia. Uweke inchi 2 hadi 3 juu ya jeraha, upande wa moyo, usikae juu ya goti wala kiwiko. Vuta mkanda ukaze, zungusha kijiti hadi damu ikome, kishikize, andika saa. Majeruhi atapiga kelele kwa maumivu. Usilegeze. Mkanda uliokazwa nusunusu ni mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu unaziba njia ya damu kurudi na kuacha inayoingia ikiendelea kumwagika. Ndiyo maana mshipi wa suruali hufeli: haukaziki vya kutosha bila kijiti. Shingoni, kwapani na kwenye kinena mkanda haukai. Hapo jaza gozi, yaani kitambaa cha hospitali cha kufungia vidonda, au kitambaa safi, ndani ya jeraha hadi kwenye chanzo cha damu, kisha kandamiza kwa mikono miwili na uzito wa mwili mzima, usiinue inue kuchungulia. Kifuani na tumboni usijaze kitu. Kinachotakiwa ni hospitali, haraka.

Mikanda ya mazoezi iko kwenye meza ya kulia pamoja na miguu ya plastiki. Tuanze na wenye zamu ya usiku, wawahi saa moja. Kila mtu ajifunge mwenyewe mguuni mara moja na amfunge mwenzake mara moja, na asiyesikia maumivu ajue mwenzake hajakaza.